UZI: Kunyoosha mashine ya maji ya kukatia vigae ikate digrii 90 kamili. Anza na mwendo wa meza, diski baadaye

#1 Fundi Sakafu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Swali hili linarudi kila mara: "Mashine yangu ya maji inakata kombo, ninunue diski gani?" Majibu yanayofuata karibu yote ni majina ya diski. Diski mpya hainyooshi mashine iliyokaa vibaya. Naandika kwa urefu kwa sababu kazi hii ina mpangilio wake, na ukiuruka utarekebisha hapa huku unaharibu pale mpaka uichukie mashine.

Nazungumzia zaidi mashine yenye meza inayoteleza: mota na diski zimetulia, kigae kinakaa mezani, wewe unaisukuma meza kwenye reli zake. Ule ukingo wa chuma ambao kigae kinauegemea nitauita egemeo.

Jambo ambalo ningeomba kila mtu alishike kabla ya kugusa spana ni hili: mstari wa mkato unachorwa na mwendo wa meza. Diski inasaga tu pale kigae kinapopelekwa. Meza ikitembea moja kwa moja, mkato utafuata njia hiyo hata kama diski imekaa upande kidogo. Kwa hiyo kona ya kigae chako, iwe 90 au 89.8, inaamuliwa na vitu viwili tu: njia ambayo meza inapita, na egemeo limekaa vipi kuhusiana na njia hiyo.

Diski iliyokaa upande ina madhara yake, lakini ni mengine. Meno yake ya nyuma hayapiti ndani ya mfereji uliochimbwa na meno ya mbele, yanakwaruza ukuta mmoja. Mkato unakuwa mpana kuliko unene wa diski, rangi ya juu ya kigae inameguka upande mmoja, na diski yenyewe inasukumwa mpaka inapinda. Ukilichukulia hilo kuwa tatizo la egemeo, utahangaika na bolti ambazo hazikuwa na kosa.

Basi soma kigae kabla ya kufungua chochote. Mkato umenyooka lakini kona si 90: egemeo. Mkato umenyooka ukiutazama kwa juu, lakini ukiutazama kwa ubavu uso wake umelala, juu na chini havilingani: diski haijasimama wima. Upande mmoja wa mkato ni safi na mwingine umemeguka mwanzo hadi mwisho: diski haiko sambamba na mwendo wa meza. Mkato umepinda kama upinde: diski butu, au unasukuma kwa nguvu. Mkato una mawimbi: meza inacheza kwenye reli, au diski inayumba kwenye shafti.

Usafi na reli

Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi, kwa sababu mikono yako itakuwa kwenye diski muda wote.

Tope la vigae likikauka linakuwa gumu sana, na linapenda kujificha chini ya roli za meza, kwenye kona ya egemeo, na chini ya mpira unaofunika meza. Punje ndogo tu kwenye kona ya egemeo inatosha kukisogeza kigae kisikae pake. Osha, piga brashi, kausha.

Kisha kaa chini uangalie miguu ya mashine. Stendi ikikalia miguu mitatu, fremu inajipinda na reli zinajipinda nayo. Weka pima maji kwenye fremu kwa urefu na kwa upana, tia kabari hadi miguu yote ishike. Meza ikiachwa huru isiteremke yenyewe kwenda upande wowote.

Sasa shika meza kwa mikono miwili uitikise kushoto na kulia, ikiwa mwanzo wa reli, katikati na mwisho. Ikicheza, usiendelee. Mashine nyingi zina roli au beringi zenye kikombe kisicho na kitovu sawa: ukikizungusha kwa spana, roli inasogea karibu na reli. Kaza mpaka mchezo uishe huku meza bado inateleza kwa kidole. Ukikaza kupita hapo, meza itakwama katikati ya mkato na kuacha kovu. Roli zilizolika upande mmoja zibadilishwe tu. Hakuna marekebisho yanayoweza kuponya roli iliyolika.

Hatua hii inarukwa na wengi kwa sababu haionekani kama kupima. Lakini kama njia yenyewe inayumba, unapima kitu gani?

Diski na flanji

Toa diski. Angalia kwanza nati inafunguka upande gani, kwani baadhi ya mashine nati yake inafunguka kinyume cha kawaida. Futa flanji zote mbili, yaani visahani vinavyoibana diski kwenye shafti, na uso wa diski mpaka vipate kung'aa. Hesabu yake ni hii: flanji ya kipenyo cha mm 50 ikishika diski ya mm 250, kosa dogo kwenye flanji linakua mara 5 likifika ukingoni. Punje ya mm 0.1 pale katikati inaweza kuifanya diski iyumbe karibu nusu milimita.

Hakikisha tundu la diski linalingana na shafti. Yapo matundu ya mm 25.4, ya mm 22.23, ya mm 16 na mengine, na kuna pete za kupunguzia tundu. Pete ikilegea diski inakaa nje ya kitovu na kugonga kila mzunguko. Mshale uliochorwa kwenye diski ufuate mzunguko wa mota.

Ukishafunga, izungushe kwa mkono huku ncha ya penseli iliyofungwa imara ikiwa jirani kabisa na ukingo wake. Utaona kama uwazi unapanuka na kubana. Ikiyumba, fungua, geuza diski nusu mzunguko kwenye shafti, funga tena. Kama sehemu ileile ya diski ndiyo inayoendelea kutoka nje, diski imepinda. Kama sasa ni sehemu nyingine, angalia flanji na shafti.

Wima wa diski

Kabla ya hapa jaribu guniya yako, kile chombo cha mikono miwili cha kupimia kona ya 90. Chora mstari kwa kuiegemeza kwenye ukingo ulionyooka, igeuze, chora tena kuanzia nukta ileile. Mistari ikiachana, nusu ya uwazi huo ndiyo kosa la guniya. Guniya ya chuma isiyo na kasoro ndicho chombo pekee cha gharama kwenye kazi hii yote, na inadumu ikitunzwa.

Iweke guniya juu ya meza, mkono wake wa wima uguse bamba la diski, yaani ile sehemu bapa ya chuma ya katikati. Usiguse ukingo wenye almasi, kwa sababu ni mnene kuliko bamba na utakudanganya. Meza yenye mpira laini inadanganya pia: weka chini ya guniya kipande cha kigae bapa kizito kikandamize mpira kama utakavyokuwa wakati wa kukata. Tazama mwanga kati ya guniya na diski. Legeza bolti za kichwa (mota na diski kwa pamoja), simamisha, kaza, kisha pima tena, maana kukaza kwenyewe husogeza.

Diski iwe sambamba na mwendo

Chukua kalamu ya wino utie alama moja kwenye bamba la diski, karibu na ukingo. Utapima kwa alama hiyohiyo mbele na nyuma. Hivyo hata kama diski ina mpindo mdogo, mpindo huo hauingii kwenye kipimo.

Funga kitu imara kwenye meza, kama bolti ndefu au ncha ya guniya iliyobanwa kwa klampu, iikaribie ile alama ikiwa upande wa mbele wa diski. Pitisha kipande cha karatasi ya kawaida ya ofisini, ambayo unene wake ni karibu mm 0.1, kibanwe kidogo tu. Sasa sogeza meza na uzungushe diski mpaka alama ifike upande wa nyuma, mbele ya ncha ileile. Karatasi ikipita kwa mbano uleule, uko sambamba. Ikipita bila kugusa, ongeza karatasi, na idadi ya karatasi ndiyo kipimo chako.

Kurekebisha kunategemea mashine. Nyingine unalegeza bolti zinazoshika mota na kuigeuza, nyingine unazisogeza reli. Yote mawili ni sawa, kwa sababu egemeo limefungwa kwenye meza na linazunguka pamoja nayo.

Egemeo

Hapa ndipo kona inapopatikana, na ndipo wengi wanapoanzia.

Egemeza mkono mmoja wa guniya kwenye egemeo, mkono mwingine uelekee njia ya mkato. Tumia guniya kubwa uliyo nayo. Ile ncha ya penseli ifunge sasa kwenye sehemu isiyotembea, kwa mfano kwenye kifuniko cha diski, ikiwa jirani kabisa na mkono wa guniya. Sukuma meza taratibu kuanzia mwanzo wa mkono hadi mwisho. Uwazi ukibaki uleule, egemeo liko mraba na mwendo. Ukipanuka au kubana, legeza bolti moja ya egemeo, gusagusa kwa nyundo ya mpira, jaribu tena. Diski haihusiki kabisa katika kipimo hiki.

Kisha hakikisha kwa kukata. Chukua vigae viwili chakavu, vikubwa kadiri meza inavyomudu, kila kimoja kiwe na ukingo mmoja ulionyooka. Egemeza ukingo huo, kata cha kwanza. Egemeza cha pili vilevile, kata. Hifadhi vipande vya kushoto vya vyote viwili. Laza kimoja uso juu na kingine uso chini, kingo zilizokuwa kwenye egemeo ziguse rula ndefu ya chuma, na mikato itazamane. Ikikutana bila mwanga, umemaliza. Ikiacha kabari ya uwazi, uwazi huo ni kosa mara mbili.

Uwazi ukiwa upande wa mbali na rula, kona ya kipande cha kushoto ni chini ya 90: ncha ya kushoto ya egemeo imesogea kuelekea kwenye kigae, irudishe nyuma. Uwazi ukiwa upande wa rula, fanya kinyume. Na kiasi? Tuseme mkato ni wa mm 600 na uwazi ni mm 1. Kosa halisi ni nusu milimita kwa mm 600. Bolti za egemeo zikiwa zimeachana mm 300, sogeza moja robo milimita, yaani unene wa karatasi mbili na nusu. Ndiyo maana kugonga kwa kukisia hakufiki popote.

Kwa anayeuliza kama robo milimita ni kitu: digrii 1 kwenye mm 600 ni zaidi ya mm 10. Digrii 0.1 ni mm 1. Jointi ya mm 2 ikitoka na mm 1 ya kosa, jicho la mtu yeyote litaiona.

Karibuni tujadili.

---

#2 Mwanagenzi

Mkuu shukrani sana. Mimi mkato wangu unaanza vizuri halafu unaenda upande kama mundu, hasa nikikata poselini. Kwenye vigae vya kawaida vya ukutani mashine hiyohiyo inanyooka. Egemeo nimelipima kwa njia yako, liko sawa. Hapo tatizo ni nini?

#3 Fundi Sakafu

Mkuu Mwanagenzi, umejijibu nusu ulipotaja poselini. Kwa viwango vya ISO 13006, poselini ni kigae kinachofyonza maji asilimia 0.5 au chini ya hapo. Kimeshikana sana. Diski ya almasi haichani, inasaga: punje za almasi zimetokeza kidogo kutoka kwenye metali inayozishika, na metali hiyo inatakiwa ilike taratibu ili almasi mpya zitokeze. Kwenye poselini ngumu metali hailiki vya kutosha, almasi za juu zinalika zenyewe, ukingo unakuwa laini na kung'aa. Diski inaacha kula. Wewe unaongeza nguvu, bamba jembamba linapinda, mkato unakwenda upande.

Noa diski: pitisha mikato michache isiyo na kina kwenye jiwe la kunolea diski za almasi, au kwenye tofali laini la mchanga, maji yakiwa yanatiririka. Utasikia sauti ikibadilika. Kisha sukuma kigae kwa kasi ambayo mota haibadilishi mlio. Mlio ukishuka, umezidisha. Hakikisha pia diski imeandikwa kuwa ni ya poselini, kwani metali yake ni laini zaidi makusudi kwa sababu hiyo niliyoeleza.

#4 Kona Tisini

Uzi mzuri. Niongeze kwa wenye mashine ndogo ambazo egemeo limesubuliwa pamoja na meza, halina bolti ya kurekebisha. Usikate tamaa. Chukua ubapa wa alumini ulionyooka, toboa, ufunge mbele ya egemeo la kiwandani kwa bolti mbili. Kisha tia vipande vya bati jembamba nyuma yake upande unaohitaji mpaka vipimo vya mwanzisha uzi vikubali. Karatasi usitumie hapo, ikilowa inavimba na kulainika. Bati la kopo la soda ni karibu mm 0.1, linafaa sana.

Mimi mashine yangu iko hivyo na nakata kwayo vigae vya mm 600 bila shida.

#5 Mzee wa Jointi

Vijana, mimi nimefanya kazi hii muda mrefu. Naweka guniya, mkono mmoja kwenye egemeo, mwingine kwenye diski, nakaza, nakata. Haya mengine ya penseli na karatasi naona ni kujichosha.

#6 Fundi Sakafu

Mzee wangu, shikamoo. Njia yako inafika kama diski tayari iko sambamba na mwendo na bamba lake limenyooka. Kwa mashine mpya iliyotoka vizuri kiwandani mara nyingi ndivyo ilivyo, ndiyo maana imekutendea vyema.

Nieleze ninachokihofia. Diski ya mm 250 ikishuka mm 5 chini ya uso wa meza, kigae kikiwa na unene wa mm 10, sehemu ya diski iliyomo ndani ya kigae kwa usawa wa uso wa juu ni karibu mm 120 tu. Ukiigusisha guniya pale, unasoma pembe kwa kutumia urefu wa mm 120 kisha unaipeleka kwenye kigae cha mm 600. Kosa lolote linakua mara 5. Na kama diski yenyewe imekaa upande, umelifanya egemeo liwe mraba na diski iliyokaa upande, wakati kigae kinafuata meza. Kwa penseli na guniya ya mm 400 unasoma mwendo wenyewe kwa urefu wa mm 400.

Mzee, kama mashine yako inatoa mikato inayofungana bila mwanga kwenye lile jaribio la vipande viwili, iache kama ilivyo. Jaribio ndilo hakimu.

#7 Mzee wa Jointi

Marahaba. Nitalijaribu hilo la vipande viwili. Lakini mbona siku zote nimeona watu wakikata kigae kimoja na kupindua nusu yake? Wewe unataka viwili.

#8 Fundi Sakafu

Swali zuri sana mzee. Ukitumia kigae kimoja, ili mikato itazamane inabidi nusu moja uipindue kiasi kwamba ukingo wake wa pili ndio uguse rula. Hapo unahitaji kingo mbili za kigae ziwe sambamba kabisa. Vigae vinaruhusiwa kupishana kidogo: kuna kiwango cha ISO 10545-2 kinachoeleza namna ya kupima vipimo vyake, unyoofu wa kingo na umraba wake, na hivyo vyote vina posho ya kosa. Vile vilivyokatwa upya kingo kiwandani viko karibu zaidi, lakini navyo si kamili. Kwa vigae viwili ukingo uleule ulioegemea ndio unaogusa rula, kwa hiyo umbo la kigae halikudanganyi.

Kwa sababu hiyohiyo usipime mashine kwa kukata kigae halafu kuilinganisha kona mpya na kona ya kiwandani.

#9 Reli Mbili

Mkuu naomba uziguse na zile ambazo kigae kinatulia na kichwa ndicho kinachotembea juu kwenye reli. Nina kubwa ya vigae virefu, mkato wa mwisho wa safari haufiki chini, kigae kinabaki kimeshikana kwa utepe mwembamba. Mwanzo unakata vizuri.

#10 Fundi Sakafu

Kanuni ni ileile, aliyebadilika ni anayetembea. Sasa mwendo wa kichwa ndio unaochora mstari, na egemeo limefungwa kwenye kitanda kilichotulia. Penseli ifunge kwenye kichwa, guniya ikae kwenye egemeo, tembeza kichwa juu yake.

Hilo la kutofika chini ni reli haiko sambamba na kitanda kwa wima. Bila umeme, shusha diski mpaka iguse karatasi iliyolazwa juu ya kigae bapa mwanzoni mwa reli, funga kimo hapo. Peleka kichwa mwisho wa reli na kigae hichohicho na karatasi hiyohiyo. Karatasi ikiwa huru kule, reli imeinuka au nguzo ya upande ule imekaa juu. Nguzo za reli kwa kawaida zina bolti kwenye mashiko yake, rekebisha hapo. Reli ndefu ikibebwa kwa kushikwa katikati inaweza kuathirika, ibebeni kwa kushika fremu.

Halafu shika kichwa uitikise kwa ubavu. Roli za kichwa nazo zinakazwa kama zile za meza, na kichwa chenye mchezo kinachora mawimbi hata kama reli imenyooka kabisa.

#11 Dada Vigae

Asante kwa elimu hii. Mimi shida yangu ni mwisho wa mkato. Kona ya mwisho inavunjika karibu kila kigae, hata diski ikiwa mpya na mashine imenyooka. Na hapo ndipo panapoonekana ukutani.

#12 Fundi Sakafu

Dada, pale mwisho kigae kimebaki kimeshikana kwa sehemu ndogo, na kipande kinachokatwa kina uzito wake. Kikining'inia hata kidogo kinavunja kile kilichobaki kabla diski haijafika. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuvishikilia vipande vyote viwili kwa usawa. Kama kigae kimetokeza nje ya meza, weka kibao cha unene uleule kikibebe, au tumia ule mkono wa nyongeza wa pembeni kama mashine inao, lakini upime kimo chake kwa rula juu ya meza. Mara nyingi mkono huo umekaa juu au chini ya meza, na hapo unakuwa sababu ya kuvunjika.

La pili, kata kwanza milimita 30 hivi kutoka upande wa mwisho, kisha geuza kigae na ukate kutoka mwanzo mpaka ukutane na ule mkato. Hii inahitaji kigae chenye kingo sambamba na mashine iliyonyooshwa vizuri, la sivyo mikato haikutani na utaona ngazi ndogo pale katikati.

La tatu, punguza kasi ya mkono kwenye sentimita tano za mwisho. Wengi wanafanya kinyume, wakiona wanakaribia kumaliza wanasukuma.

Na diski yenye ukingo mzima usio na nafasi ndiyo ya mikato inayoonekana. Zile zenye nafasi kwenye ukingo zinakata haraka lakini zinagonga.

#13 Mwanagenzi

Nimeinoa diski kwenye tofali laini kama ulivyosema mkuu, poselini sasa inanyooka. Swali jingine: kona za nje za ukuta, ile mikato ya mshazari ya 45. Nikikunja kichwa mpaka kwenye alama ya 45, vipande viwili vikikutana vinaacha uwazi kwa nje.

#14 Kona Tisini

Nijibu hilo kwa ruhusa ya mwenye uzi. Alama iliyochorwa kwenye mashine ni ya kukukaribisha tu. Kata vipande viwili vya chakavu, vikutanishe, tia guniya ndani ya kona. Kosa la kila kipande linajumlishwa: ukikosa nusu digrii, kona yote imekosa digrii nzima. Uwazi ukiwa kwa nje, yaani kwenye ncha, mkunjo wako haujafika 45, ongeza. Watu wengi hukata zaidi kidogo ya 45 makusudi ili nyuma pabaki nafasi ya gundi na ncha zikutane kwa mbele. Acha pia ukingo wa kama milimita moja wa unene wa kigae bila kukatwa. Ncha kali kama wembe inameguka ikiguswa tu.

Ukisharudisha kichwa kwenye 90, pima wima tena kwa guniya. Kile kizuizi cha kusimamia huwa kimeingia tope.

#15 Fundi Sakafu

Kona Tisini amemaliza. Kizuizi hicho ni bolti ndogo tu, na tope likikauka juu yake linabadilisha wima wa diski bila wewe kujua.

Nimalizie mambo mawili ambayo sikuyagusa.

Maji. Watu wanayahesabu kuwa ya kupoza tu, lakini ndiyo yanayotoa unga kwenye mkato. Maji yakiwa mazito kama uji, unga unabaki kati ya diski na kigae, diski inasukumwa upande na mkato unaanza kupinda kwenye mashine uliyoinyoosha asubuhi. Mwaga na ubadilishe kabla hayajafika hapo, safisha kichujio cha pampu, na angalia kuwa maji yanafika pande zote mbili za diski. Tope lisiende kwenye bomba la maji machafu, linatuama na kuziba. Liache litulie kwenye ndoo, mwaga maji ya juu, tope litupe likiwa gumu. Kukata bila maji kunaua diski, na vumbi lake lina silika ambayo ikivutwa kwa miaka inaharibu mapafu na hayarudi.

Umeme. Mashine hii inachanganya maji na umeme mezani pamoja nawe. Iunganishe kwenye soketi yenye kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampea 30, na ukibonyeze kile kitufe cha majaribio kabla ya kuanza. Waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili matone yadondokee sakafuni yasifuate waya mpaka ndani. Miwani ya macho na vizibo vya masikio vaa. Glovu za kitambaa zilizolegea weka mbali na diski inayozunguka.

#16 Reli Mbili

Karatasi ilikuwa huru kweli mwisho wa reli. Nguzo moja bolti zake zilikuwa zimelegea. Sasa inakata mpaka chini. Swali la mwisho mkuu: baada ya kunyoosha hivi, unarudia lini?

#17 Fundi Sakafu

Hongera mkuu. Jaribio la vipande viwili lifanye kila mashine inapobebwa kwenye gari na kila unapobadilisha diski. Linachukua vigae viwili chakavu na dakika chache, na likikubali huna haja ya kufungua kitu. Likikataa, anza na kutikisa meza au kichwa kabla ya kugusa egemeo, kwa sababu bolti za roli ndizo zinazolegea kwa mtikisiko wa barabara. Egemeo lililokazwa vizuri halihami kirahisi. Unaweza kuchora mstari mwembamba kwa msumari kuvuka egemeo na meza baada ya kulipata, na siku nyingine ukiona mistari imeachana, ujue limesogea.

Kama kazi ina mikato mingi ya upana mmoja, funga kizuizi kwenye egemeo na upime kutoka kwenye diski kwa rula ya mkononi, kwa sababu vipimo vilivyochapwa kwenye egemeo vinahama ukibadilisha diski yenye unene tofauti. Diski nyingi za kazi hii zina unene wa kati ya mm 1.6 na mm 2.4, na kiasi hicho kinaliwa na mkato. Kata kipande cha kwanza, kipime, rekebisha kizuizi, ndipo uendelee na vingine.